Tarakimu Tatu za Kukataa

Mtu aliyekaa Msanzi, wilayani Kalambo, mkoani Rukwa, akifungua simu kutafuta fomu ya mkopo wa chuo, huanzisha safari asiyoiona. Ombi lake linatoka kwenye simu kwenda mnarani, linaingia kwenye mkongo, linaiacha baridi ya Ufipa na kwenda kuibukia kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, Dodoma au ng'ambo ya bahari. Seva inalisoma, inatafuta, inajibu. Jibu linarudi, na juu ya kioo cha simu panatokea namba: 404. Mwenye simu anaguna na kusema tunachokisema wote: mtandao unasumbua.

Mtandao haukusumbua. Mnara ulifanya kazi, mkongo ulifanya kazi, seva ilikuwa macho. Kilichokosekana ni ukurasa kwenye anwani ile, basi. Ile 404 ni ushahidi kwamba njia nzima, kutoka Msanzi hadi kwenye seva na kurudi, ilikuwa inapitika.

Siku mtandao unaposumbua kweli, namba haiji. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kurasa zilizokuwa zinategemea nyaya hizo zilizunguka zikachoka, kisha kivinjari chenyewe kikatoa maneno yake kwamba kimeshindwa kufika. Hapo hapakuwa na mtu wa kukukataa, kwa sababu hapakuwa na aliyekusikia. Kukataliwa ni jambo la pili kabisa. Kukataliwa kwa namba kumefikiriwa na watu kwa zaidi ya miaka hamsini, neno kwa neno, na mimi naiheshimu kazi hiyo kama ninavyoiheshimu kazi yoyote ya mikono iliyofanywa bila haraka.

Tarakimu tatu ndizo zinazobeba mzigo wote. Ya kwanza inataja ukoo wa jibu. Mbili ni heri: ulichoomba hiki hapa. Tatu inakuelekeza kwingine. Nne inasema tatizo liko upande wako wewe uliyeomba. Tano inasema tatizo liko kwetu sisi tulioombwa. Wanaotunza kanuni za wavuti walikuwa na adabu hata katika kuandika maana ya hiyo nne: hati ya Juni 2022 inayoitwa RFC 9110, ambayo ndiyo inayotumika sasa, haimtii mteja hatiani. Inasema kwamba inaonekana amekosea. Seva haiwezi kujua yote yaliyo upande wa pili, na waandishi waliacha nafasi hiyo ya shaka ndani ya maandishi yenyewe.

Namba hizi ni kongwe kuliko wavuti. Katika miaka ya 1970, wahandisi waliokuwa wakihamisha mafaili kati ya kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani walikuwa tayari wakijibizana kwa tarakimu tatu, na mwaka 1974 Jon Postel aliandika hati fupi ya kuzipanga upya ili kila tarakimu iwe na kazi yake. Baruapepe ilizirithi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kwa watu wa baruapepe nne ilimaanisha jaribu tena baadaye, na tano ilimaanisha usijaribu tena. Swali lao lilikuwa la muda: kikwazo hiki ni cha kupita au ni cha kudumu? Wavuti ilipochukua tarakimu zilezile ilibadilisha swali. Sasa nne na tano zinauliza ni nani anayepaswa kurekebisha. Badiliko hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini ndilo lililofanya majibu ya wavuti yamfae mtu wa kawaida. Mtu aliye mbele ya fomu anataka kujua kwanza kama akae arekebishe au aende zake akasubiri.

Wavuti yenyewe ilianza bila namba. Tim Berners-Lee, aliyeibuni akiwa CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, alitoa mwaka 1991 kanuni za kwanza zilizokuwa nyepesi mno: unaomba ukurasa, unapewa ukurasa. Kukiwa na hitilafu, unapewa pia ukurasa, wenye maneno ya kueleza hitilafu. Maandishi ya wakati ule yanakiri wazi kwamba hakuna njia ya kutofautisha jibu la hitilafu na jibu jema isipokuwa kusoma maneno yaliyomo. Binadamu anaweza kusoma. Programu haiwezi. Kabla mwaka 1992 haujaisha namba zilikuwa zimeingia kwenye rasimu, na Mei 1996 zikachapishwa rasmi katika kanuni za wavuti zilizoitwa HTTP/1.0, zilizobeba majina ya Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk.

Kuna kanuni moja ndani ya mpangilio huu ambayo kila nikiifikiria naiona ni ya fundi aliyekomaa. Inasema hivi: programu ikikutana na namba isiyoijua, itazame tarakimu ya kwanza na kuichukulia namba hiyo kama ya mia kamili ya ukoo wake. Seva ikijibu 471, namba ambayo haijapewa maana yoyote, simu iichukulie kama 400 na kuendelea. Kwa hiyo simu ya zamani, iliyonunuliwa mtumba na yenye kivinjari kisichopata masasisho tena, haitapotea njia siku wataalamu watakapobuni namba mpya. Walijenga kwa kuwafikiria watu ambao hawatafikiwa na mapya kwa wakati. Uwanda wa Ufipa una watu wengi wa namna hiyo.

Turudi kwenye 404, maana ndiyo inayojulikana hadi kwenye fulana. Wapo wanaosimulia kwamba palikuwa na chumba namba 404 huko CERN ambamo mafaili yalikuwa yakitafutwa. Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee tangu mwanzo, alikanusha hadithi hiyo kwa ukali. Namba hiyo haikutokana na chumba chochote. Historia ya kweli inanivutia zaidi. Mifumo ya viungo vya maandishi iliyotangulia wavuti ilipenda kuweka orodha kuu ya viungo vyote, ili kiungo kisiweze kamwe kuelekea mahali pasipo na kitu. Berners-Lee aliiacha orodha hiyo. Alikubali viungo vivunjike. Kwa kufanya hivyo aliruhusu mtu yeyote, popote, aweke ukurasa bila kuomba kibali kwa mlinzi wa orodha, na mtu mwingine yeyote auelekeze ukurasa huo bila kumwuliza mwenyewe. Gharama ya uhuru huo ni kwamba siku moja ukurasa utaondoka na viungo vitabaki vikielekea hewani. 404 iliwekwa ili gharama hiyo ilipwe kwa uwazi.

Sisi wa Rukwa tunaijua vizuri habari ya anwani kuhama. Mwaka 2012 mkoa uligawanywa, Katavi ikawa mkoa unaojitegemea, na wilaya ya Kalambo ikamegwa kutoka Sumbawanga Vijijini, makao yake yakawa Matai. Ofisi zikagawana majalada, na tovuti nazo zina mambo kama hayo. Mgawanyo wa aina hii ukitokea, fundi mwangalifu ana njia tatu mbele yake. Ukurasa ukihamia kwingine, ajibu 301 na kumpeleka msomaji huko. Ukurasa ukiondolewa moja kwa moja kwa makusudi, ajibu 410, maana yake ulikuwapo na hautarudi, usiutafute tena. Na asipojua, ajibu 404, ambayo haisemi kama kutokuwapo huko ni kwa leo au ni kwa daima. 410 ni namba ninayoitamani ionekane zaidi. Kumwambia mtu kwamba kitu kilikuwapo na kimeondolewa ni kumheshimu; anaacha kuhisi kwamba ameandika vibaya. Wengi huiacha kwa uvivu na kurusha 404 kwa kila kitu.

Ipo pia 404 ya siri. Kanuni zinairuhusu seva kujibu 404 pale ambapo kitu kipo lakini haitaki hata kukiri kwamba kipo. Mfumo wa hospitali unaotunza majalada ya wagonjwa ukijibu 403, yaani kipo lakini huruhusiwi, umeshamwambia mdadisi kwamba mgonjwa huyo ana jalada pale. Ukijibu 404 haujamwambia kitu. Waandishi walilifikiria hilo, wakaliandika.

Kati ya 401 na 403 kuna mpaka ambao hata watengenezaji wa mifumo huukanyaga. 401 inauliza: wewe ni nani? Na haiishii kuuliza, kwa sababu kanuni zinailazimu seva inayojibu 401 iambatanishe maelezo ya namna ya kujitambulisha. Ni marufuku kumwambia mtu ajitambulishe bila kumwambia kwa njia gani. 403 inasema jambo lingine kabisa: nimekusikia, na hapa huingii. Kuingiza nywila upya hakutasaidia. Kijana aliyesahau nywila na kijana ambaye dirisha la maombi limefungwa kwake wanahitaji majibu tofauti. Wakipewa jibu moja, wa pili atapoteza mchana mzima akibadilisha nywila ambayo haikuwa na kosa lolote.

Vivyo hivyo 405. Ukiomba kwa namna isiyokubalika, mathalani kutaka kufuta kitu ambacho kinaruhusiwa kusomwa tu, seva inalazimika kukutajia namna zinazokubalika. Ukitazama kwa makini utaona mkono uleule: anayekataa amepewa wajibu wa kuonyesha mlango mwingine, kama upo.

Kazi hii nimeiona ikithaminiwa vizuri zaidi kwenye steshenari moja mjini Sumbawanga kuliko kwenye ofisi nyingi zenye viyoyozi. Dada anayeiendesha hakusomea kompyuta chuoni. Msimu wa maombi ya mikopo na udahili ukifika, vijana wa kutoka Laela, Mtowisa, Matai na Msanzi humiminika pale na bahasha za vyeti. Mezani ana daftari la kaunta buku. Ukurasa mmoja ameuandika namba tupu, kila moja na maneno machache mbele yake. Mbele ya zile za mia tano ameandika: subiri, usimtoze tena. Mbele ya zile za mia nne ameandika: kosa liko hapa, tafuta.

Nilimkuta akimhudumia mzee aliyekuja na mjukuu wake. Picha ya cheti cha kuzaliwa ilikuwa imepigwa kwa simu, na mfumo ukaikataa kwa 413.

"Shikamoo babu. Mtandao hauna shida. Hii picha ni nzito mno, mfumo umeikataa kwa ukubwa wake."

"Marahaba, mwanangu. Basi tupige nyingine?"

"Hapana babu, hii hii inatosha. Naipunguza hapa, haitachukua muda."

Akaipunguza, akaipandisha, ikapita. Nyuma ya tukio hilo kuna jambo ambalo yeye hakuwa na haja ya kulijua, ila linaeleza kwa nini 413 humtokea mara kwa mara. Tovuti nyingi duniani huendeshwa na programu ya nginx, iliyoandikwa na Igor Sysoev na kutolewa mwaka 2004, na nginx isipoambiwa vinginevyo hukubali mzigo usiozidi megabaiti moja. Picha ya simu ya leo huwa ya megabaiti tatu, nne au zaidi. Aliyejenga mfumo asipokumbuka kubadilisha mstari mmoja wa mipangilio, kila mtu mwenye simu nzuri atakataliwa, na mwenye simu mbovu atapita. Namba 413 inalisema hilo bila kuficha, kwa anayejua kuisoma.

Jirani yake ni 415: ukubwa sawa, aina ndiyo siyo. Umeleta picha, tunataka PDF. Kisha 422, ambayo ilianzia kwenye kanuni za kuhariri nyaraka kwa mbali na baadaye ikakaribishwa kwenye kanuni kuu. Hii ni namba yenye kusoma kwa makini. 400 husema sielewi ulichoandika, maandishi yenyewe yamevurugika. 422 husema nimesoma kila neno, nimeelewa, ila yaliyosemwa hayawezekani. Tarehe ya kuzaliwa iliyo baada ya tarehe ya kumaliza kidato cha nne. Ekari zilizoandikwa kwa alama ya kutoa. Fomu ya 400 irudishwe kwa sababu haisomeki, ya 422 irudishwe kwa sababu haikubaliani na yenyewe. Dada wa steshenari, akiona 422, haanzi upya. Anashusha kidole kwenye fomu, mstari kwa mstari, akilinganisha na vyeti.

Zipo namba ambazo mtumiaji wa kawaida hazioni kamwe, lakini zinamlinda. Niliyoipenda kuliko zote ni 412. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima wa mahindi wa Ufipa wamekuwa wakisajiliwa kwenye mfumo wa kidijiti ili wapate mbolea ya ruzuku, na taarifa za mkulima zina mambo mengi ya kurekebishwa: jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba. Chukua mfumo wowote wa namna hiyo. Afisa ugani anafungua taarifa za mkulima saa nne asubuhi ili aandike ekari tatu badala ya mbili. Dakika hiyohiyo mtendaji wa kijiji amefungua taarifa zilezile ili abadilishe namba ya simu iliyopotea. Mtendaji anahifadhi kwanza. Afisa ugani anahifadhi baadaye, na fomu yake bado ina namba ya simu ya zamani. Bila ulinzi, kazi ya mtendaji imefutika, na hakuna aliyejua. Mkulima atasubiri ujumbe kwenye laini mpya na ujumbe utakwenda kwenye laini iliyopotea.

Ulinzi wake ni huu. Kila mara seva inapotoa taarifa, inazipiga alama ndogo inayobadilika taarifa zikibadilika. Anayerudi kuhifadhi anarudisha na alama aliyopewa, akisema: hifadhi ikiwa tu alama hii bado ndiyo iliyopo. Alama ikiwa imebadilika, seva inajibu 412: sharti lako halijatimia. Haifuti kitu. Afisa ugani anafungua taarifa upya, anaona namba mpya ya simu, anaandika ekari tatu, anahifadhi. Baadaye, Aprili 2012, Mark Nottingham na Roy Fielding waliongeza 428, ambayo huiwezesha seva kukataa mtu yeyote anayetaka kuhifadhi bila kuleta alama kwanza. Ni watu waliokaa wakafikiria madhara ambayo hayapigi kelele, yale ambayo aliyeumizwa hatajua kamwe nani alimuumiza, wakayawekea kinga.

Hati hiyohiyo ya 2012 ndiyo iliyoleta 429: umeomba mara nyingi mno. Inaweza kuambatana na maelezo ya muda wa kusubiri, kwa sekunde. Siku ya matokeo ya kidato cha nne tunaifahamu hali hiyo ya kugusa kioo bila kukoma. Hapa sina budi kuwasihi wanaojenga mifumo ya nchi zetu. Kanuni hazikusema seva imtambue vipi mwombaji wala ihesabu vipi. Ziliacha hilo kwa fundi. Fundi wa haraka huhesabu kwa anwani ya mtandao. Lakini kwenye simu zetu, kampuni ya simu huwaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja. Ukiihesabu anwani, unaweza kuwafungia mlango watu wa kata nzima kwa sababu ya bidii ya mmoja wao, na kila mmoja wao ataambiwa ameomba mara nyingi ilhali ameomba mara moja. Mhesabu mtu kwa akaunti yake pale alipokwisha kujitambulisha. Ni kazi zaidi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

402 ina kisa cha subira. Ilitengwa tangu siku za mwanzo kwa ajili ya malipo: lipa kwanza. Waliitarajia wavuti yenye fedha ndani yake, na mpaka leo kanuni zinaeleza tu kwamba namba hiyo imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Wakati inasubiri, Tanzania ilipata njia yake. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, serikali ikajenga mfumo wa kukusanya malipo kwa kumbukumbu namba, na leo kijana wa Msanzi anayeomba mkopo hupewa namba ya malipo, hulipa kwa simu, kisha fomu hufunguka. Jambo lote ambalo 402 ilikusudiwa kulifanya linafanyika kando yake. Sioni ubaya. Kuhifadhi kiti kwa mgeni ambaye huenda asije ni bora kuliko kukigawa ovyo.

451 ni ya mwisho kwa umri miongoni mwa zile ninazotaka kuzitaja. Tim Bray, Mkanada aliyeshiriki kuunda lugha ya XML, aliiandikia rasimu mwaka 2012 baada ya wazo hilo kuzushwa na Mwingereza Terence Eden, ambaye aliona tovuti ikizuiwa kwa amri ya mahakama huku jibu likirudi 403, kana kwamba seva yenyewe ndiyo iliyoamua. Walitaka namba inayosema ukweli: kitu hiki kimezuiwa kwa sababu za kisheria. Ilichapishwa Februari 2016, na tarakimu zake zimetokana na riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953 kuhusu nchi inayochoma vitabu. Kanuni inataka jibu hilo lieleze ni nani ametaka kizuizi, kwa sheria ipi, na kinawahusu watu gani. Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa Tanzania, waliojaribu kuufungua waliona ukurasa unazunguka tu. Kimya. Mtu hawezi kujua kama ni bando lake limekwisha, ni mnara, au ni amri. Awe anaunga mkono kizuizi au anakipinga, raia anastahili kuambiwa kwamba kipo. Namba ya kumwambia ipo tayari na haina gharama.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni la mifumo inayorudi mwaka 1991 bila kujua. Unahifadhi fomu, seva inajibu 200, yaani heri, kila kitu sawa, na ndani ya ukurasa kwa maandishi mekundu imeandikwa kwamba imeshindikana. Macho yanasoma imeshindikana. Lakini programu ya simu iliyo katikati imesoma 200, ikatia alama ya vema, ikafuta nakala iliyokuwa imeihifadhi. Kijana anaona alama ya vema na anapanda basi kurudi kijijini. Wajenzi wa namna hii hujitetea kwamba namba za mia nne zinatisha watumiaji. Namba ni kwa ajili ya programu zinazowahudumia watumiaji. Kinachomtisha mtu ni ukurasa mtupu ulioandikwa namba peke yake.

Na hilo nalo lilishaandikiwa. Kanuni za ukoo wa mia nne zinaitaka seva itume, pamoja na namba, maelezo ya hali ilivyo, na iseme kama ni ya muda au ya kudumu. Maneno mafupi ya Kiingereza tuliyozoea kuyaona pembeni ya namba hayakuwahi kuwa ya lazima; toleo la Juni 1999 liliruhusu waziwazi yabadilishwe kwa maneno ya mahali, na toleo la pili la HTTP, mwaka 2015, liliyaondoa kabisa. Ilibaki namba, ambayo haina lugha, na chini yake nafasi nyeupe ya kuandika chochote. Wengi wameiacha nafasi hiyo ilivyokuja kiwandani.

Siku moja dada wa steshenari alinionyesha ukurasa ambao kwake ulikuwa mzuri kuliko zote alizowahi kukutana nazo msimu huo. Ulikuwa ni wa kukataliwa, na yeye alikuwa ameunakili kwenye kaunta buku, chini kabisa ya orodha yake, baada ya namba 422: "Namba ya cheti cha kuzaliwa uliyoandika imepungua tarakimu moja. Iangalie tena kwenye cheti chako, upande wa juu kulia. Mengine yote uliyojaza yamehifadhiwa. Huna haja ya kuyaandika upya. Dirisha bado liko wazi."